KUHEMEA NG'AMBO: FAIDA NA HASARA ZA KUISHI NCHI ZA NJE

*Hotuba ya Mwanachama Na. 14 katika sherehe ya kikundi chetu kutimiza miaka kumi, Ihumwa, Dodoma, 2025. Imepigwa chapa karibu kama ilivyosemwa. Kwa ombi lake mwenyewe jina halikuwekwa.*



Awali ya yote namshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tulianza mwaka 2015 chini ya mwembe, sanduku moja la bati na kufuli tatu, na watu wakisema hawa akina mama watagombana kabla ya mvua. Mvua kumi zimepita. Kugombana tumegombana, lakini sanduku lipo. (*Vigelegele*)

Kamati ya sherehe iliponifuata kunitaka nizungumzie faida na hasara za kuishi nchi za nje, nilikataa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema mimi si msomi. Wapo watoto wa mkoa huu waliokwenda Uingereza na Marekani kwa vyeti, hao ndio waitwe. Mara ya pili nikasema ukweli, kwamba naona haya. Lakini Mwenyekiti akaniambia, "Mama, jambo lenyewe limekwisha ingia sandukuni, huwezi kulikimbia." Wanachama mnajua ana maana ya ombi gani la mkopo. Wageni wetu hamjui, nitawaeleza mwisho.

Kuhemea si jambo la jana

Sisi wa Ugogo kutoka kwenda kutafuta hatukujifunza kwenye simu. Wazee walitusimulia Mtunya, ile njaa iliyofuata vita ya Wajerumani na Waingereza, miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Watu walikwenda mbali kuhemea, wengine hawakurudi. Basi kuhemea maana yake tunaijua: unaondoka nyumbani kwa ajili ya nyumbani. Anayehemea hasahau njia ya kurudi, maana aliowaachia chungu kitupu wanamsubiri.

Na huko Oman nilikokwenda mimi nako si kugeni kwetu kama tunavyodhani. Seyyid Said alitoka Muscat akahamishia makao yake Unguja katika karne ya kumi na tisa. Misafara ya wafanyabiashara ikatoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, na njia yao ilipita hapa Ugogo. Watemi wetu waliwatoza hongo, kwa sababu maji yalikuwa yetu na kiu ilikuwa yao. Mimi mwaka 2012 nikageuza mambo. Nikatoka Ihumwa kwenda kwao, na hongo nikamlipa dalali wa Dar es Salaam. (*Kicheko*)

Nilivyokwenda

Mwaka ule nilikuwa nimeachika, nina mtoto wa kike wa miaka sita. Mvua haikuwa nzuri, uwele ulikauka ukiwa magotini. Mama mmoja tuliyefahamiana sokoni akaniambia kuna kazi za ndani Muscat, mshahara wa kila mwezi, chakula bure, kulala bure. Nilikuwa na eka moja niliyopewa na marehemu baba, upande huu wa kwenda Mtumba. Nikaiuza kwa shilingi laki tisa. Nikalipa dalali, pasipoti, vipimo vya hospitali na nauli ya basi. Mtoto nikamwachia mama yangu.

Mkataba niliutia saini uwanja wa ndege, umeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Mimi ni darasa la saba. Niliambiwa, "Weka hapa," nikaweka hapo.

Faida

Nitaanza na faida, maana zipo na anayezikataa ni mwongo.

Faida ya kwanza ni mshahara. Nililipwa rial 70 kwa mwezi. Rial moja ya Oman ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hiyo kwa fedha ya wakati ule ilikaribia laki mbili na themanini. Hapa nyumbani mimi laki moja sikuwa nimewahi kuishika kwa mwezi mmoja.

Faida ya pili ni kujua mambo. Nilijifunza Kiarabu cha jikoni na cha sokoni. Nilijifunza kupika kwa kipimo na kwa saa. Niliona mwanamke akiendesha gari, anakwenda ofisini, anarudi, na hakuna anayemshangaa. Niliona nchi kame kuliko yetu, mawe matupu, joto la Juni linapita nyuzi arobaini, lakini maji yanatoka bombani. Nikajiuliza kwa nini tumezoea kusema Dodoma ni kukavu, kama vile ukavu ni amri.

Faida ya tatu ni watu. Yule bibi mzee wa nyumba, mama yake mwajiri, alizaliwa Unguja. Wenye asili hiyo ni wengi Muscat, waliorudi baada ya Mapinduzi ya 1964 na zaidi baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi. Kwa hiyo Kiswahili nilikikuta jikoni kikinisubiri. Bibi yule aliniita "mwanangu wa Bara". Alipougua nilimwogesha kama mama yangu, naye alikuwa akinifichia tende chini ya mto. Sitamsema vibaya hata siku moja.

Na jirani alikuwepo dada wa Kifilipino. Huyo ndiye aliyenifundisha daftari. Kila mwezi anaandika: nimepata hiki, nimetuma hiki, nimebaki na hiki. Alikuwa anajua haki zake na namba ya ubalozi wao anaikariri. Baadaye nimesikia nchi yao imeunda wizara nzima ya wafanyakazi walioko nje, kwa sheria ya Desemba 2021. Nikaelewa kwamba mwenzangu nyuma yake kulikuwa na nchi inayomhesabu. Mimi nyuma yangu alikuwepo dalali aliyekwisha zima simu.

Hasara

Sasa hasara. Hapa mnivumilie.

Pasipoti yangu ilichukuliwa siku ya kwanza. Niliamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa sita au saba usiku. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, sambusa mia mbili kila siku na wageni mpaka usiku wa manane. Siku ya kupumzika haikuwepo. Sikupigwa, namshukuru Mungu, lakini nimewahi kukaa na msichana kutoka Tanga aliyetoroka nyumba nyingine akiwa na alama za pasi mkononi. Mishahara ya miezi miwili ya kwanza ilikatwa kufidia gharama za kunileta, na ya miezi miwili ya mwisho sijalipwa mpaka leo.

Wengine mtasema ni bahati yangu mbaya. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Waliwahoji wanawake hamsini. Pasipoti kuchukuliwa, mshahara kukatwa, kazi bila mapumziko, kupigwa na mengine nisiyoweza kuyataja mbele ya watoto. Nilipofafanuliwa habari ile niliona kama mtu amelisoma daftari langu.

Kisa chake ni utaratibu uitwao kafala. Viza yako inafungwa kwa mwajiri mmoja. Wakati wangu, ukimwacha bila barua ya ridhaa yake ulizuiwa kurudi kufanya kazi huko kwa miaka miwili. Barua hiyo iliondolewa Januari 2021 kwa anayemaliza mkataba, hiyo ni hatua. Lakini sheria mpya ya kazi ya Oman ya 2023 haikuwaingiza wafanyakazi wa ndani, wao wana kanuni zao za pembeni. Kwa hiyo mhandisi anayekwenda Muscat na mtumishi wa ndani anayekwenda Muscat wanapanda ndege moja, lakini hawaendi nchi moja. Msikilize hilo vijana. Mtu akikwambia "fulani yuko nje anaishi vizuri", uliza kwanza: yuko kwa viza gani na kwa kazi gani?

Hasara nyingine haina sheria. Mwaka 2014 baba yangu mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, naye aliaga dunia. Simu yangu ilikuwa inakaa kwa mwajiri, napewa Ijumaa. Msiba ulitokea Jumatatu. Nilipopewa simu Ijumaa, mzee alikuwa amekwisha zikwa siku tatu. Nililia nikikaanga mafuta, na mafuta hayasubiri.

Na hasara kubwa kuliko zote ni hii. Niliporudi mwaka 2016 nilifika hapa stendi jioni. Mtoto wangu alikuwa na miaka kumi. Alikuja kunipokea ameshika kanga ya bibi yake kwa nyuma. Akaniamkia vizuri, kwa adabu. Alisema, "Shikamoo mgeni."

(*Kimya*)

Rial hazinunui miaka minne ile. Nimejaribu.

Hesabu

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu ninalo, nitawasomea.

Nilikaa miezi 48. Nilizolipwa ni miezi 44, kwa rial 70, jumla rial 3,080. Miezi 34 nilituma nyumbani rial 50 kila mwezi, jumla 1,700, kwa ndugu yangu mmoja ajenge nyumba. Miezi kumi ya mwisho niliposhtuka nilituma 15 tu, za mtoto, kwa mama moja kwa moja, jumla 150. Matumizi yangu ya sabuni, vocha na dawa yalikuwa 220. Zikabaki 1,010. Nauli ya kurudi nililipa mwenyewe, na mizigo na zawadi, maana huwezi kurudi mikono mitupu, watu watakuonaje. Niliingia Ihumwa na rial 800. Nilipozibadilisha zikawa shilingi milioni nne na nusu hivi.

Nyumba niliikuta msingi tu, na ndani ya msingi umeota mlenda. Ndugu yangu simtaji na wala simchukii tena. Fedha ya mtu asiyeonekana ni rahisi kuliwa. Angekuwa mimi, na watoto wana njaa, na kila mwezi inaingia, huenda ningeila.

Sasa sikilizeni hesabu ya upande wa pili. Niliporudi mwaka ule wa 2016, ndipo Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya maneno ya tangu 1973. Mwaka 2018 jiwe la msingi la reli ya kisasa kutoka Morogoro mpaka Makutupora likawekwa hapa hapa Ihumwa. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Ile eka yangu ya laki tisa ilikatwa viwanja. Kimoja tu kati yake kiliuzwa kwa fedha iliyozidi zote nilizorudi nazo. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga hawakukosea. Nilikwenda mbali kuutafuta mji, na mji ukaja kukaa juu ya shamba langu.

Sisemi kwamba ningejua. Hakuna aliyejua. Nasema kwamba aliyeuza ardhi ili asafiri ameuza njia ya kurudi.

Kikundi

Nilijiunga na kikundi hiki mwaka huo huo. Hisa ilikuwa shilingi elfu mbili. Nilikaa wiki tatu sisemi neno, mnakumbuka. Kilichonishika ni daftari. Nilipoona katibu anasoma kila jina, kila hisa, mbele ya watu wote, na washika funguo watatu wanatoka sehemu tatu tofauti, nikasema laiti zile rial 1,700 zingepita humu.

Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa wa sufuria. Reli ilipoanza nikawapikia mafundi. Humo walikuwemo Waturuki, na mimi nilijua hali ya mtu aliye mbali na kwao, anayekula chakula asichokijua na kucheka utani asiouelewa. Nikawawekea wali usiokolea chumvi na salamu. Walirudi kila siku. Basi ng'ambo ikanilipa kwa njia hiyo. Nyumba niliimaliza mwaka 2021, na bati la mwisho lilitoka kwenye mgao.

Na wale wanaosema mambo ya nje yote ni mabaya, niwaambie: mtindo huu wetu wa hisa na sanduku nao ulitoka ng'ambo. Ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na akina mama wa vijijini, nchi kame kama yetu. Kizuri kikija na tukikitunza, kinakuwa chetu.

Neno moja la kutuchoma kidogo, kisha niende kwenye ombi. Siku hizi Ihumwa ina nyumba za geti na sisi wenyewe tunaweka mabinti wa kazi, kutoka Kongwa, kutoka Mpwapwa, kutoka Singida. Simu yake iko wapi? Analala saa ngapi? Mshahara wake unamlipa yeye au unamtumia mjomba wake? Tusimlaani mwarabu wa mbali kwa jambo ambalo liko jikoni kwetu. (*Minong'ono*) Naam, nimesema.

Ombi lililo mezani

Sasa wageni wetu mjue. Mwezi uliopita mwanachama kijana wa miaka kumi na tisa aliomba mkopo wa shilingi milioni moja na laki tano ili aende Oman kufanya kazi. Hisa zake hazitoshi, akaomba hisa za mama yake ziwe dhamana. Mama huyo ni mimi. Yule mtoto aliyenishikia mgeni ndiye huyu. Amekaa pale, safu ya pili.

Kamati ilinipa karatasi ya mdhamini nitie saini. Nimekaa nayo wiki tano. Kuna usiku nilitaka kuichana. Lakini nikajiuliza, nitamwambia nini? Asiende kwa sababu mimi nilikwenda? Yeye amesoma kidato cha nne, mimi darasa la saba. Na kazi hapa ametafuta, ameitafuta Mtumba lango kwa lango. Juu ya yote, yeye ana haki ya kuniuliza kwa nini mimi niliweza kumwacha na yeye hawezi kuniacha.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kikundi kizingatie masharti yafuatayo, na yawe kwa kila atakayeomba, si kwa mwanangu tu.

Kwanza, mkopo usitoke mpaka wakala wa ajira athibitishwe kuwa ana leseni. Ipo TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, ndiyo mahali pa kuuliza. Asiye na leseni anaweza kuwa msafirishaji haramu wa watu, na nchi hii ina sheria dhidi ya usafirishaji huo tangu 2008.

Pili, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya kikao, wiki mbili kabla ya safari, nakala moja ibaki sandukuni pamoja na nakala ya pasipoti. Mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kurudi. Lisiloandikwa halipo.

Tatu, namba ya ubalozi wetu Muscat aikariri kichwani kama namba ya mama yake.

Nne, mwanachama akiwa nje aendelee kununua hisa kwa simu. Fedha ya nyumba iingie hapa, isomwe kwa sauti, isiingie mfukoni kwa ndugu mmoja.

Tano, ardhi isiuzwe. Akitaka kuuza ardhi ili asafiri, tumnyime mkopo na tumnyime baraka.

Sita, tuwe na neno letu la siri. Akipiga simu na mwajiri amesimama pembeni, akauliza "mlenda umeota?", tujue kuna shida na tuanze kutafuta msaada siku hiyo hiyo.

Yakitimia yote sita nitatia saini. Likikosekana moja, sitatia, hata akinuna mwaka mzima. Wakala aliyemleta mpaka leo hajatuonyesha leseni. Mwanangu, hilo unalijua, tulilizungumza jana usiku. Mpe wiki mbili. Akikuambia nafasi itajazwa na mwingine, mwache ajaze.

Na ukienda, nenda kama mtu anayehemea. Hesabu siku. Simu usimpe mtu. Ukirudi usiniletee blanketi wala manukato. Nitakuja stendi mwenyewe, na nitakuamkia kwa jina lako.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Kikundi chetu kidumu. (*Vigelegele na makofi*)